Besi ya Marehemu Naftaly

Besi haikuwa imechomekwa popote, lakini ilikuwa inanguruma.

Wangila aliigusa nyuzi kama anayepima homa ya mtoto. Zilikuwa na joto. Alikuwa fundi wa magitaa ya umeme pale Laini Saba, na tangu amzike mkewe Immaculate huko kwao Bungoma, alikula amesimama, sufuria mkononi, apate kumaliza upesi.

Shiru, binti wa wenye ploti Kawangware, ndiye aliyeileta.

"Ni ya guka, babu yangu marehemu Naftaly," alisema. "Alikuwa anaunda gitaa na besi kwa ubao mmoja, anaziuza pamoja kama bibi na bwana. Gitaa ilienda na mzungu, hii ikabaki. Itengeneze, fundi, lakini usiniharakishie. Sitaki kuiona kwa nyumba."

"Imekukosea nini?"

"Iko na maneno mingi."

Sasa, mafundi wana tabia yao. Wakijaribu chombo hupiga nusu ya wimbo, na sauti ikishawaridhisha huukatiza hapo hapo. Wangila naye akapiga nusu ya wimbo aliozoea kuimba na Immaculate kwenye kwaya, akaiegemeza besi ukutani, akainama kutafuta bisibisi. Nyuma yake besi ikaumalizia, taratibu, sehemu ile ile aliyokuwa akiimba Immaculate. Chumba kikanuka mbao mbichi.

Mwingine angekimbia akaacha viatu. Wangila alivuta kiti, na siku hiyo akala ameketi.

Haikupita wiki, Awiti, jirani muuza omena, akamsimamisha mlangoni.

"Umeoa kimyakimya, wewe?"

"Nani amesema?"

"Hizi mabati zetu hazijui siri. Nasikia mama akiimba huko. Na anakushinda, usikasirike."

Wangila akacheka. Akataka kumwambia kwamba Immaculate ndiye aliyeimba vile, na alipoitafuta sauti yake kichwani, hakuikuta.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, kwa sababu alianza kuhesabu nyimbo alizoiachia ile besi imalizie, na kila wimbo ulikuwa umeondoka na kitu, huu na kicheko, huu na pengo la meno, huu na namna alivyofunga leso kichwani, hata picha ya harusi akiitazama aliona mama fulani tu, mgeni, aliyesimama karibu yake mno.

Akaenda Makina kwa Bi Zenabu, Mnubi anayejua mambo ya majini, akipita vichochoroni pasta wake asimwone. Bi Zenabu akaja mchana, mvua ikinyesha, akafukiza udi, akaisikiliza besi kwa sikio.

"Jini hili lilikuwa na mwenzake ndani ya mti," akanong'ona. "Mti ukapasuliwa, mwenzake akaenda na gitaa. Wewe ukaanza wimbo, likaitikia, likala kumbukumbu zako. Leo litaanza lenyewe. Usiitikie, mwanangu, litatoka."

"Na nikiitikia?"

"Utakuwa mume wake. Umebaki na nini cha marehemu?"

"Jina. Na vile alivyokuwa akiniuliza nikirudi kazini."

Moshi ukazidi, mvua ikanyamaza juu ya paa lile peke yake huku kwa Awiti ikiendelea kupiga mabati, nyuzi zikaanza kutetemeka bila kidole, harufu ya mbao mbichi ikapanda mpaka ikawakaba koo, na kutoka ndani ya ule ubao, karibu kabisa, kwa uchovu na upendo wa mtu aliyesimama jikoni kutwa, sauti ya mwanamke ikasema:

"Wangila, umekula?"

Bi Zenabu akamziba mdomo. "Si yeye. Nyamaza kidogo tu."

Wangila alikuwa amenyamaza muda mrefu sana. Akautoa ule mkono polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Bado," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Bi Zenabu alibeba chetezo chake, makaa yakiwa bado yanawaka, akatoka nje kwenye mvua.

Asubuhi Awiti alimkuta Wangila mlangoni, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi.

"Nilikuwa namwaza Immaculate," Awiti akasema. "Angekuona umependeza hivi."

"Immaculate gani?" Wangila akauliza kwa adabu, akingoja aelezwe.

Awiti aliinua karai lake la omena, akaenda kuuzia ng'ambo ya reli.