Wimbo wa Kukunja Nguo

Foleni ya duka la picha ilifika mpaka mlangoni. Msichana wa gauni la kijani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, alikuwa amembana mpiga picha kwenye kaunta, akimwonyesha picha ya zamani iliyokunjamana.

"Toa mikunjo ya karatasi, sio mikunjo ya uso," alimwambia. "Huyu ni dada yake bibi yangu. Tumemzika juzi."

"Pole sana, dada. Nikuandike nani?"

"Fundi. Nashona."

"Basi Fundi, njoo kesho."

Akaja kesho yake. Na siku iliyofuata akaja, bila picha yoyote ya kusafisha. Fundi naye akambandika mpiga picha jina la Kamera. Haukupita mwezi akampeleka nyumbani kwa Bibi, aliyemlea.

Siku hiyo Fundi akiwa jikoni na chai, Bibi alikuwa chumbani akikunja nguo za marehemu dada yake na kuimba kwa lugha ya kwao. Kamera hakuelewa neno hata moja, ila sauti ilimshika.

"Bibi, naomba nikurekodi."

"Rekodi, mjukuu wangu. Wanangu walio mbali wasikie."

Kamera akautia wimbo ngoma, akaandika "Wimbo wa mapenzi wa wenyeji wa kale," akauweka mtandaoni. Hakumwambia Fundi. Alitaka kumshtukiza siku yake ya kuzaliwa.

Wiki mbili baadaye Fundi alikuwa mlangoni mwa ukumbi, pini mdomoni, akimalizia pindo la gauni la bi harusi. Spika zikafunguliwa, mshereheshaji akatangaza wimbo wa mapenzi wa wenyeji wa kale. Bi harusi akaingia akicheza, na sauti iliyokuwa ikimchezesha ni ya Bibi akimlilia dada yake. Pini zikamdondoka Fundi. Akatoka nje, akampigia Kamera, mgeni pekee aliyemsikia Bibi akiimba.

"Kamera, wimbo wa Bibi umefikaje ukumbini?"

"Umeusikia? Mpenzi, watu elfu tisini wameupenda!"

"Ule ni wa kukunja nguo za marehemu! Unaimbwa ndani, na ndugu. Huku wanaukatia viuno!"

"Lakini niliomba ruhusa. Bibi alisema walio mbali wasikie."

"Alisema wanawe! Na hayo mapenzi ya kale uliyatoa wapi?"

"Nilibuni."

"Basi usinipigie tena."

Kamera aliufuta saa ileile. Akaandika wazi kwamba alikosea, kisha akawatafuta mmoja mmoja waliouchukua. Kazi hiyo ilimla siku kumi na moja. Ya kumi na mbili akaenda kwa Bibi asubuhi, shati limenyooshwa vizuri, simu ameiacha dukani. Fundi alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa.

"Bibi, nimeufuta. Ishirini na sita nao wameufuta. Wawili wamekataa, mmoja kanitukana."

"Hao nimemwachia Mungu. Wewe nakuuliza: ungeniomba wimbo uende kwa watu wote, ningekujibu nini?"

"Ungekataa, Bibi."

"Umejuaje? Mimi mwenyewe sijui. Hukunipa nafasi ya kufikiri. Tena ukaniita wa kale, mimi jana tu nilikuwa hapa namenya viazi!"

Cherehani ikasimama. Fundi aliuma midomo asicheke.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Ila dada yangu siwezi kumkunjia nguo mara ya pili."

Kamera aliinamisha kichwa. Kisha akamgeukia Fundi.

"Fundi, nataka kukuuliza kitu. Nitakisema chote, kisibaki kipande."

"Sema."

"Naomba nikuoe. Wewe na cherehani yako, mimi na duka langu, na Bibi akae kwetu akipenda. Ukikataa nitaondoka kwa amani, sitakusumbua."

Fundi akamtazama Bibi.

"Usinitazame mimi," Bibi akasema. "Aliyeulizwa ni wewe."

Fundi akavua futi shingoni, akamzunguka Kamera, akampima mabega taratibu kama mtu anayekata suti.

"Nimekubali," akasema nyuma ya sikio lake. "Ila nimekubali ndoa tu. Picha utaomba upya."