Pikapu Iliyonguruma Bila Kukanyagwa

Mimi nauza miche ya miti. Kila asubuhi napakia miche mia mbili kwenye pikapu yetu kuukuu, naisambaza shuleni na mashambani. Mume wangu ni kinyozi. Gari ni letu sote, lakini anayelitegemea ni mimi.

Wiki ile lilinitoa jasho. Ukiliwasha tu, injini inanguruma kama umekanyaga mafuta hadi chini, na wala hujagusa kitu. Jumatatu niliingiza gia, gari likaruka mbele. Nikakanyaga breki, nayo ngumu ajabu. Lilisimama shubiri moja kutoka ukuta wa jirani.

Alhamisi mume wangu akatangaza, "Injini imekwisha. Nimepata mnunuzi wa vyuma chakavu. Anakuja leo saa kumi."

"Nani kakwambia imekwisha?"

"Masikio yangu."

"Masikio ya kinyozi," nikamjibu. Nilikuwa na hasira kwelikweli. Bila pikapu nitarudi kubeba miche kichwani, kumi kumi, na wateja wa mbali ndiyo basi tena.

Nikatoka mbio kwa jirani yetu, fundi wa karakana ya mabasi. Mtaa mzima tunamwita Mama Spana. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, anakunywa chai. Aliiacha ikipoa, akanifuata hadi kwenye pikapu, alipokuwa mume wangu.

"Kwanza usalama," alisema. Akaweka gia huru, akavuta breki ya mkono, akakinga magurudumu kwa mawe. "Na wewe mwenzangu, vua mtandio. Feni haina huruma."

Akawasha. "Injini ikiwa baridi, kunguruma kidogo ni kawaida. Ikipata joto lazima itulie. Tusubiri."

Baada ya dakika kumi injini ilikuwa ya moto, lakini mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika bado ulisimama kwenye elfu mbili. "Ingekuwa mia nane hivi," alisema. Akaangalia kama zulia la miguuni limeikandamiza pedali ya mafuta. Halikuigusa. Akavuta waya unaotoka kwenye pedali hiyo kwenda kwenye injini. Ukarudi vizuri.

"Basi ni hewa. Injini hupumua kwa njia yake maalumu. Ikipata tundu pembeni, inavuta hewa isiyotakiwa na mwendo unapanda. Hebu sikilizeni."

Tukainamisha vichwa. Kulikuwa na sauti nyembamba: ssss.

"Nyoka huyo," mume wangu akasema.

"Si nyoka, shemeji, ni hewa inayovutwa. Breki zilianza kuwa ngumu lini?"

"Wiki hii hii," nikadakia.

Macho ya Mama Spana yakang'aa. Alituonyesha mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kifaa kinachosaidia breki. Akaubana kwa plasi, upande wa injini. Ngurumo ikashuka. Akauachia, ikapanda. Akaubana tena, nami nikauona mshale ukiteremka hadi mia nane. Furaha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Akazima injini, akauchomoa mpira ilipopoa. Ulikuwa umevimba, umelainika, na una ufa mrefu kwa chini.

"Huu umeliwa na mafuta ya taa," alisema. "Nani anaosha injini kwa mafuta ya taa?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. Kila Jumamosi huisugua injini kwa mafuta ya taa, kama anavyosafisha mashine zake za kunyolea. Anataka ing'ae hadi mtu ajione sura.

"Shemeji, chuma hakidhuriki, lakini mpira unaharibika. Tena injini ikiwa ya moto, mafuta hayo yanaweza kuwaka. Tumia kitambaa chenye maji ya sabuni, injini ikiwa baridi."

"Siwezi kuuzungushia utepe?" mume wangu akauliza.

"Hapana. Breki zinautegemea. Nunua mpya, mpira maalumu wa kazi hiyo."

Nilikwenda mwenyewe duka la vipuri, na ule mbovu mkononi kama sampuli. Mama Spana akaufunga mpya, akaukaza kwa vibano. Tukawasha. Injini ikapanda kidogo, kisha ikatulia. Nikakanyaga breki, ikashuka laini. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Saa kumi mnunuzi akafika. "Iwasheni niisikie," alisema.

"Imeshawaka, ni utulivu tu," mume wangu akamwambia.

Yule bwana akaweka kiganja kwenye boneti, akausikia mtetemo mdogo, akashangaa. "Basi naongeza bei."

Mume wangu alinigeukia. "Nisamehe, mama," akasema mbele ya wote. "Niliiua mimi mwenyewe, halafu nikataka kuizika."

Akamwomba mnunuzi radhi kwa kumsumbua, akaanza kunipakilia miche. Jioni ile niliifikisha yote shuleni.