Muluzi wa Nzabandora

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya vilima vya Kingi wakati Polycarpe alileta gari yake kwenye garaje yangu. Kazi yake ilikuwa kubeba maziwa na fromaji, jibini ya Masisi. Alikuwa ameitia turbo ya gari ingine, ipande milima kwa nguvu.

“Papa Gustave, uirekebishe. Kesho nataka nifike soko ya Sake mbele ya wote.”

“Turbo ulitoa wapi?”

“Kwa gari ya Nzabandora. Yeye angali anaihitaji?” Akacheka.

Mimi sikucheka. Nzabandora alichunga ngombe kabla ya kuwa shofere. Gari yake ilianguka mu bonde, na matanga yake ilikuwa haijatoshwa, siku za kilio hazijaisha. Kwetu, kitu ya marehemu haiguswe kabla ya matanga kutoshwa. Lakini mimi ni muntu wa sala. Nikajiambia ile ni mambo ya wazee. Hapo njo nilikosa.

Nikawasha moteri. Nikaweka ncha ya turnevisi, bisibisi yangu, juu ya turbo, mushikio kwenye sikio, vile sisi mafundi tunasikiliza chuma. Nikafungua skurubu ya pompe ya mafuta, nguvu iongezeke. Kidogo. Nikasikia kama muntu anaita mbali. Nikafungua kidogo tena.

Fiii... fiii... fiiiiii...

Turbo zote zinapiga muluzi. Lakini hii ilikuwa inavuta pumzi, halafu inaita tena. Mbili fupi, moja ndefu. Harufu ya maziwa mabichi ikajaa garaje.

Nikazima moteri.

Muluzi ukaendelea.

Polycarpe akashika kapo, kile kifuniko ya moteri. “Njo vile alikuwa anaita...”

“Nani?”

“Nzabandora. Nilimubana kwenye kona, nifike wa kwanza. Akaanguka. Akapiga muluzi yake ya kuita ngombe, nimusaidie... Sikusimama.”

“Yesu wangu! Kaka, tushushe hii turbo. Twende kwa Mama Brigitte, mujane wa Nzabandora, umuombe musamaha.”

“Ili wanifunge?”

Akanisukuma, akapanda, akaondoka.

Nikatoka ku barabara. Juu, kwenye ile kona Nzabandora aliangukia, ngombe zilikuwa zinashuka kilima. Nyingi. Bila muchungaji. Bila sauti.

Zikafunga njia. Polycarpe akapiga honi. Akashuka na fimbo, akapiga. Hazikumukanyaga. Zilisogea tu, bega kwa bega, polepole, yeye anarudi nyuma...

Mpaka barabara ikaisha.

Halafu, kutoka mu bonde, muntu akapiga muluzi. Mbili fupi, moja ndefu.

Nikaita majirani, tukashuka na kamba. Tulimukuta shingo imevunjika. Alikufa palepale, wakasema. Sasa, nani alikuwa anaita?

Turbo nilishusha ku gari ya Polycarpe, nikarudisha kwa Mama Brigitte, nikamuelezea yote. Aliipokea kama muntu anapokea mutoto.

“Polycarpe alisikia bwana yangu, hakusimama,” akasema. “Na wewe, Papa Gustave? Wewe ulisikia nini, mpaka ukafungua skurubu tena?”

Matanga ilitoshwa. Niliungama kanisani. Lakini kila magharibi ngombe moja inashuka, inasimama kwa mulango ya garaje.

Haikule. Haitoe sauti.

Inaangalia mikono yangu.