Sarafu Iliyokunjwa

Soseji zilikuwa zimeiva, mume wangu Neville hapokei simu, na giza la Novemba lilikuwa linaingia mapema kama kawaida yake. Nikamvalisha binti yangu Edie koti na gambuti, tukavuka barabara kwenda shamba la Bwana Cutforth.

Neville alikuwa mwisho kabisa wa shamba, amepiga magoti kwenye mabua ya shayiri, mashine yake ya kutafutia vyuma imelala pembeni. Pauline, mwenzake wa chama cha watafuta vitu vya kale, alikuwa naye. Vichwa vyao vilikaribia kugusana juu ya tochi moja. Sitadanganya, iliniuma. Pauline ana miaka sitini na kitu na goti la bandia, lakini Jumamosi zote za mume wangu ni zake. Mimi nabaki na nguo za kufua.

"Mama, yule nani?" Edie akauliza.

"Si ni Anti Pauline."

"Siyo huyo. Yule aliyesimama nyuma yao."

Nyuma yao kulikuwa na ua wa miiba tu. Nikamvuta mkono twende.

"Janice! Njoo uone!" Neville aliruka kama mtoto. "Hii yangu! Mashine yangu, shimo langu, mkono wangu!"

"Tumeshasikia," Pauline akasema. "Hata kunguru wamesikia."

Kiganjani mwa Neville kulikuwa na kipande cha fedha, chembamba, kimekunjwa katikati kama mtu anavyokunja tiketi ya basi. Pauline akavaa miwani, akakigeuza kwenye mwanga.

"Peni. Msalaba mrefu unafika ukingoni, na vidoti vitatu kila pembe. Ya mmoja wa wale akina Mfalme Edward. Miaka mia saba, pengine."

"Plau ndiyo imeikunja," Neville akasema.

"Plau hukwaruza. Hii imekunjwa na vidole, taratibu. Zamani mtoto akiugua, mama yake aliishika sarafu juu ya kichwa chake, akaikunja, akamwambia mtakatifu: mponye mwanangu, nami nitakuletea hii. Ikishakunjwa ni ya nadhiri. Hainunui mkate tena."

"Sasa imefikaje shambani?" nikauliza.

"Labda ilimdondoka njiani." Akaigeuza tena. "Labda alipata habari kwamba mtoto amekufa kabla hajafika, akaitupa."

Kisha akamgeukia Neville. "Usiikunjue."

"Nani kasema naikunjua?"

"Macho yako."

Tulirudi nyumbani, Neville akinung'unika njia nzima. Chama chao kina shindano la kitu bora cha mwezi. Mwezi uliopita ulishinda muhuri wa Pauline. Kabla ya hapo, bizimu ya mkanda, ya Pauline tena. Jina la mji ilikotengenezwa sarafu lilikuwa limefichwa ndani ya mkunjo, na kama ni mji adimu, Neville angekwenda kwenye mkutano akitembea kifua mbele.

"Zamu yangu imefika ndiyo ananiambia nisiikunjue! Wivu huo."

"Wivu," nikaitikia. Nilifurahi kulisikia neno hilo likimwangukia Pauline.

Baada ya kula, Neville aliimwagia sarafu maji ya moto kwenye bakuli, akaizungushia koleo kitambaa. Edie alikuwa anamalizia maharage yake. Mimi nilikuwa kwenye sinki.

Tik.

Sauti ndogo tu. Kama kucha inayokatwa.

"Imefunguka!" Neville akainama na kioo cha kukuzia. "L... O... N..." Sauti ikamwishia. "London." Peni za London zimejaa kila shamba huku Lincolnshire.

Nilitaka kucheka. Ndipo ikanijia harufu. Moshi wa kuni... na sufu iliyolowa. Nyumba yetu inapashwa joto kwa gesi.

Edie akaweka uma chini. "Mama, nasikia baridi."

Nikamgusa paji la uso, nikautoa mkono haraka. Alikuwa anawaka.

Chupa ya dawa ya homa ilikuwa tupu. Neville akachukua gari kwenda mjini. Nikampandisha Edie chumbani, nikapiga simu ya daktari wa zamu, wakaniwekea muziki nisubiri. Nikashuka kulowesha kitambaa, simu ikiimba mfukoni.

Nikiwa kwenye ngazi narudi, muziki ulikatika.

Lakini mtu aliendelea kuimba.

Juu. Chumbani kwa mwanangu. Sauti ya chini, mdomo umefumbwa, wimbo ambao sijapata kuusikia. Hivyo ndivyo mtu anavyombembeleza mtoto wake. Si wa mwenzake.

"Sita," Edie alikuwa anasema. "Nitafika saba mwezi wa tatu... Hapana, sikohoi."

Nikasimama mlangoni. "Unaongea na nani?"

"Na huyu mama."

"Mama gani?"

"Wa shambani." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Ananiuliza swali silijui."

"Anauliza nini?"

"Anauliza, mbona wako?"

"Mbona wangu nini, mpenzi?"

"Mbona wako yupo."

Upande wa pili wa kitanda, godoro lilikuwa limebonyea.

Kwanza nikaona upindo wa gauni, mzito kwa tope. Kisha mgongo. Kisha mkono, umelala juu ya paji la uso la Edie kwa upole kabisa, na udongo mweusi chini ya kucha. Aligeuza kichwa. Uso sikuuona vizuri, na nashukuru. Jicho nililiona. Halikuwa la hasira. Nililijua jicho lile, kwa sababu nilikuwa nalo mwenyewe jioni ile ile, nikitazama vichwa viwili juu ya tochi moja.

Edie akavuta pumzi. Ikachelewa kutoka.

Nikashuka ngazi mbio. Sarafu ilikuwa mezani, imenyooka, inang'aa kwa maji. Nikapanda nayo, nikaishika juu ya kichwa cha mwanangu, karibu na ule mkono, karibu kiasi kwamba baridi yake iliniuma vidole. Nikaanza kuikunja. Ilikuwa ngumu. Mstari mwembamba wa ufa ukatokea katikati.

Mtakatifu nimpate wapi? Kanisani naingia siku za harusi. Nikasema na aliyekuwepo.

"Humchukui," nikanong'ona. "Huyu wangu. Lakini... mwache apone, nami nitakuruhusu uje umwone. Sitakufungia mlango."

Wimbo ukakoma.

Tik.

Godoro likapanda taratibu, kama mtu mzima anavyonyanyuka asimwamshe mtoto.

Neville aliporudi na dawa, Edie alikuwa amelala, jasho limekauka. Akaiona sarafu.

"Umeifanya nini?"

"Nimeirudisha ilivyokuwa."

"Hata wewe hutaki nishinde!"

Nikapokea dawa, nikarudi kwa Edie.

Pauline nilimweleza siku nyingine, jikoni kwake, Neville hayupo. Hakunicheka. Aliniuliza jambo moja tu.

"Uliahidi nini?"

"Aje amwone tu."

Aliweka kikombe chake mezani. "Na hukusema mpaka lini," akasema.

Edie ana afya sasa. Majira yote haya ya baridi hajapata hata mafua, na watoto wa wenzangu wanakohoa kama mbwa. Jua likianza kuzama anapanda chumbani bila kuambiwa. Mlango nauacha wazi, kama nilivyosema. Nasimama jikoni na viazi vyangu, nasikia wakiimba. Sauti mbili. Wimbo wote ameshaushika. Akicheka kule juu, hucheka namna ambayo kwangu hacheki.

Jana nilipanda na brashi nimchane nywele. Nikamkuta ameshasukwa: misuko miwili imezungushwa kichwani kama taji, imebana vizuri, imefungwa kwa uzi wa sufu wa rangi ya udongo. Mimi sijui kusuka hivyo. Sijui mtu yeyote anayejua.

"Nani kakusuka?"

"Mama."

"Mama ni mimi, Edie."

Akanitazama kwa huruma, kisha akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Najua. Usilie," akasema. "Amesema utazoea. Hata yeye alizoea."