Maillot Namba 9 ku Ukuta ya Papa Donat

"Achilia, Bijou. Itapasuka."

"Ipasuke. Si munataka kuikata?"

Mimi nilishika mukono ya kushoto ya ile maillot. Stéphane, jirani yetu, alishika mukono ya kuume.

Na mu mukono yake ingine... makasi. Ile kubwa ya fundi wa nguo.

Lupango nzima, kila nyumba ya mule uani, ilitoka kutazama. Mama wa makala aliacha gunia yake wazi. Bale ba bar ya ng'ambo balivuka barabara na chupa zao, bakasimama ku mulango sawa bamelipa tiketi.

Basomaji yangu, munanijua. Mimi napenda lupango ijae bantu, napenda habari kuliko chumvi. Lakini siku ile habari ilikuwa yangu, na nililia mbele yabo sawa mutoto.

Ngojeni niwaelezee.

Ile maillot, jezi ya mpira, bluu, namba 9 ku mugongo, ilikuwa ya baba yangu Laurent. Ao ndivyo Kamalondo yote ilijua. Mwaka 88 alifunga goli moja mu finale, na ile goli ilileta kombe mu mutaa yetu. Mpaka leo bazee bakikunywa, banaipiga tena na kisigino chini ya meza.

Kisha 92 ikafika.

Wakubwa ba Katanga balisema bantu ya Kasai barudie kwabo. Bazazi ba baba balitoka Kasai, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Lubumbashi. Kwabo ilikuwa wapi?

Tulitoka na nguo ya ku mwili. Tulilala ku gare, bantu juu ya bantu, tukingoja treni. Baba hakuipanda. Kuhara ilimumaliza pale pale, tukamuzika kandokando ya reli. Mama alininyanyua, tukaendelea.

Miaka ikapita, tukarudi. Nyumba yetu ilikuwa na mwenyewe.

Papa Donat. Jirani ya ukuta kwa ukuta. Mwenzake ya baba mu timu!

Alitupangisha annexe, kale kachumba ka nyuma. Mu lupango yetu wenyewe.

Na mu salon, ndani ya kioo, juu ya ukuta: maillot namba 9.

Bantu balikuwa banaingia kuiona. Papa Donat alisema Laurent alimuachia aichunge, na kila mugeni alimununulia bia. Ile maillot ilimunywesha kuliko shamba inavyolisha mwenye kulima.

Mimi nikipita pale, roho ilikuwa inanichoma. Mwizi.

Mama yangu, Clotilde, hakuiomba hata siku moja. Alikuwa anafagia mbele ya dirisha, anainua macho, anaitazama, anaendelea kufagia. Nilizania anaogopa.

Sasa akatokea Kakule.

Kakule ni mucommerçant wa Butembo. Vita ilimufukuza kule, akakuja kuanza upya hapa na biashara yoyote inayotembea. Moja ilikuwa hii: kule Ulaya kuna bantu banatengeneza karte, kadi za bachezaji. Karte ndogo, na ndani yake banaweka kipande ya maillot yenyewe, kadogo sawa ukucha. Lakini lazima iwe ilivaliwa mu match, na jasho yake. Benye kukusanya karte banagombania ile ukucha sawa banagombania mifupa ya mutakatifu.

Munaelewa? Baba yangu angekatwa vipande mia, aende mu mifuko ya bantu hata Kamalondo habaijui.

Ila Kakule si mutoto. Anajua hapa muntu anaweza kununua maillot ya kiwaya-waya, ya bei ya chini, ku soko, aikokote mu matope, aseme ni ya finale. Alitaka vitu mbili: picha ya match, na muntu aliyekuwa pale, aseme mbele ya téléphone. Na alitaka mujane.

Stéphane, mwana wa Papa Donat, akakuja ku annexe yetu. Hakukaa. Alisema Mama aseme kwa video kama ile njo maillot yenyewe, ao tufunge mizigo.

"Mufu hana lazima ya maillot, Mama Bijou," alisema. "Lakini miye niko na lazima ya hii annexe."

Nilingojea Mama amufukuze.

Mama akasema: "Nitasema."

Ni pale nilikimbia mu salon, nikaitoa mu kioo. Stéphane akanifuata na makasi, alitaka kukata kipande ya kumuonyesha Kakule. Tukavutana mpaka inje.

Na Mama akatoka. Nilizania anakuja kunisaidia...

Hapana. Alishika mukono yangu. Akafungua kidole kimoja kimoja mpaka maillot ikabaki kwa Stéphane. Akamwambia tu asikate kwanza, mujane lazima aione nzima.

Mama yangu mwenyewe!

Siku ya video, salon ilijaa mpaka batoto balikaa mu dirisha. Viti ilitoka ku kanisa. Papa Donat alivaa shati nyeupe, alikaa chini ya kioo tupu, anasalimia bantu sawa chifu.

Kakule alisimamisha téléphone yake juu ya chupa. Kwa heshima yote alimuomba Mama aseme tu kile aliona na macho yake.

Mama aliweka maillot ku magoti. Aligeuza namba, akaitazama. Kisha akaikunja polepole, vile munakunja nguo ya jirani iliyoanguka ku kamba yenu.

"Laurent hakuvaa hii mu finale."

Viti ya kanisa ikalia, bantu bote baliinama mbele.

Stéphane akacheka, akasema Mama Bijou amezeeka, turudilie video. Mama hakumuangalia. Aliendelea kuongea na téléphone ya Kakule.

Asubuhi ya finale, alisema, mufumu, muganga wa timu, alikuja mbio. Adversaires, bale bapinzani, bamefunga namba 9 na dawa. Mwenye kuivaa akikanyaga majani ya uwanja, mugulu itavunjika. Nani angebisha? Siku zile timu bila mufumu ilikuwa sawa nyumba bila mulango. Basi Laurent alipewa namba 12. Na namba 9 ikavalishwa remplaçant, muchezaji wa akiba, akaambiwa akae nayo ku banc, benchi ya pembeni, match yote, asiinuke, ili ubaya ubaki pale juu ya banc.

"Na remplaçant alikuwa nani, Mama?" Kakule akauliza.

Mama hakutaja jina. Aliinua kidevu tu, upande wa kioo tupu.

Vichwa vyote vikageuka.

Kakule akafungua picha aliyotumiwa na bale ba karte. Ile tuliijua wote: baba kwa mugongo, goli imekwisha kuingia, mwenzake amemukumbatia, mukono umeziba namba. Kila muntu alikuwa anaona mukono na kujaza 9 yeye mwenyewe. Kakule akaikuza, akaikuza tena.

Kando ya ule mukono, peke yake, wima... 1.

Akazima video.

"Karte yangu inasema ilivaliwa uwanjani," alisema pole. "Papa, ulikanyaga majani?"

Papa Donat alitazama viatu vyake.

"Hapana. Hata dakika moja."

Muntu moja nyuma akacheka. Kisha salon nzima. Mumoja alimuomba arudishe bia zake. Mwingine akauliza kama na ile banc iko ya kuuzisha. Balimuita remplaçant, mpaka batoto ba mu dirisha balifanya wimbo.

Na mwenye kucheka kupita bote? Mimi.

Munaona ile kintu? Muzee alikamata nyumba yetu kweli. Lakini ile maillot hakuiba. Ilikuwa yake. Alitundika nguo yake mwenyewe ku ukuta, akaipatia jina ya muntu mwingine, sababu kwa jina yake hakuna muntu angemununulia hata maji.

Kakule alitwaa téléphone yake, akaaga, akaenda.

Nilimuuliza Mama juu ya nini alinyamaza miaka yote ile.

"Alikamata nyumba yangu," akasema. "Juu ya ile nguo, kila mugeni mwenye kuingia alitaja Laurent. Donat alilala na kuamuka chini ya jina ya mwenye nyumba. Ningeitosha ku ukuta juu ya nini? Leo balitaka kuikata ile jina."

"Na namba 12?"

"Baba yako alitoka nayo, chini ya shati. Iko naye kule ku reli. Makasi haitafika."

Stéphane alitufukuza siku ileile. Tuhame mbele ya Jumatatu. Ninawaandikia hii kutoka Katuba, chumba kimoja, tôle ya paa inavuja, na majirani yangu ba mupya bameshajua habari yote, munanijua.

Funzo njo hii: nyumba ya muntu unaweza kuikamata na ukalala. Jina yake ukiikamata, njo yenyewe itakukamata weye.

Lakini siwezi kuwaacha bila kuwaambia ile jioni.

Stéphane, haya imemushika, alitosha matela ya baba yake inje, akamuambia akakae ku banc yake. Akafunga mulango. Samaki ilikuwa inakaangwa mule ndani, harufu ilijaa lupango, na hakuna aliyemuita muzee. Papa Donat alikaa chini, maillot ya bluu ku mabega juu ya baridi.

Nilisema njaa imufundishe.

Mama alikuwa anapika bukari, ugali yetu, ku mbabula ya makala. Alitosha sahani yangu, akatosha yake. Kisha akatosha ya tatu.

"Mama... huyu?"

"Huyu alikaa mu ile nguo ya kufungwa, anajua imefungwa, ili baba yako acheze," akasema. "Nyumba, tutaulizana mbele ya Mungu. Lakini ile banc, hakuna muntu alimuambia aksanti."

Akafunika sufuria ya majani ya sombe, akasimama ku mulango ya annexe.

"Donat. Ingia ukule. Ile maillot uiache inje."