Filamu Ambayo Ornella Hakuionja

Kila Jumamosi mchana Ornella alinyunyizia maji sakafu ya chumba cha video, akafagia na kupanga mabenchi. Kisha alisimama mlangoni kama askari wa forodha.

Chumba hicho cha Kimanga, mjini Uvira, kilikuwa mali ya Tantine Agathe, mdogo wa mama yake Ornella. Mbele kulikuwa na runinga kubwa. Uani mashine ya umeme ilinguruma, na kando ya mlango Tantine aliuza chai na mandazi. Filamu zake hazikuwa za ovyo ovyo. Aliletewa kutoka Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, na nyingi zilikuwa zimeshinda tuzo katika nchi za mbali. Kwa kuwa zilikuwa za Kifaransa, Ornella alikaa kwenye kigoda karibu na runinga akizitafsiri kwa Kiswahili. Alikuwa wa kwanza darasani katika Kifaransa, na watu walipomsifu hakubisha hata kidogo.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa kuchagua. Aliwauliza waliofika mapema, "Roho iko namna gani leo?" Mama mmoja alipojibu kwamba amegombana na wifi yake, Ornella aliweka filamu ya harusi iliyovurugika, mama akacheka hadi kitenge kikamlegea. Vijana walipofungwa mpira, aliwawekea ya bondia aliyeanguka akainuka.

Siri yake haikuwa uchawi. Tantine alikuwa na sheria moja tu.

"Mupishi hapakue sombe bila kuonja chumvi," alisema. "Na weye, onja filamu mbele ya kupakulia batu."

Kwa hiyo kila filamu mpya Ornella aliiangalia Ijumaa baada ya shule, peke yake, mpaka mwisho. Waliita kazi hiyo kuonja.

Ijumaa moja ililetwa filamu mpya. Kwenye jalada ndugu wawili walikuwa wamekumbatiana mezani harusini, wanacheka, na pembeni yao zilijaa alama za tuzo, yale majani mawili yaliyopinda kama taji. Wakati huohuo nje wasichana walikuwa wameanza kucheza nzango. Waliimba, wakapiga makofi na kurusha miguu, nao walikuwa wamepungukiwa mchezaji mmoja. Ornella aliangalia jalada, akaangalia mlango. Filamu yenye sifa zote hizi itakosaje kuwa nzuri? Akakimbilia nje.

Jioni Tantine aliuliza, "Umeionja?"

"Ndiyo, Tantine. Yote." Maneno yalimtoka kwa urahisi zaidi kuliko alivyotegemea.

Zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka sana, ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, hawafuati taa za wavuvi, kwa hiyo wavuvi hupumzika, hushona nyavu, na wengine hupanda Kimanga kutazama filamu. Jumamosi hiyo walifika wavuvi wa Kalundu, mtaa wa kando ya ziwa, wakiongozwa na Papa Léopold, mkubwa wa mtumbwi wao. Katikati yao alikuwapo mtu mwembamba aliyetazama chini. Alikuwa Papa Charlotte, baba wa Charlotte, ambaye Ornella alikaa naye dawati moja shuleni.

Ornella aliijua habari yake, kama watu wote wa Kalundu. Mwezi uliopita upepo ulipindua mtumbwi. Papa Charlotte aliokolewa, lakini mdogo wake Aimé alizama. Tangu siku hiyo hakugusa wavu, na alikula peke yake chumbani. "Papa hasemi tena na sisi," Charlotte alikuwa amemwambia Ornella darasani. "Minye niko na woga. Siku moja atasahau na majina yetu."

Papa Léopold alimwinamia Ornella. "Mutoto, huyu ndugu yetu tumemutoa mu nyumba kwa nguvu. Utupatie filamu ya kumuchekesha. Weye unajua kuchagua."

"Iko moja mupya, Papa. Ndugu wawili, harusi, kicheko tu. Iko na prix mingi!" alisema Ornella, akimwonyesha alama za tuzo kwenye jalada.

Charlotte, aliyekuwa ameushika mkono wa baba yake, aliuliza taratibu, "Ulishaiangalia?"

"Mpaka mwisho," alisema Ornella.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Watu walicheka, na Papa Charlotte alitabasamu kidogo. Charlotte alimtazama Ornella kwa shukrani kubwa, machozi yakimlengalenga. Kisha, kwenye filamu, harusi ikaisha, na ndugu wale wawili wakapanda mashua kurudi kwao. Upepo ukaanza kuvuma.

Ornella alikodolea macho runinga. Hakujua kinachofuata. Mashua ilipinduka, na kaka mkubwa akapiga kelele kwa Kifaransa, "Shika mkono wangu!"

"Anasema..." Ornella alimtupia jicho Papa Charlotte. "Anasema leo tutachelewa kufika nyumbani."

"Weye mutoto!" mtu alipaza sauti kutoka benchi la nyuma. "Si huyu anazama?"

Macho ya watu hayahitaji mtafsiri. Papa Charlotte alisimama, akaruka miguu ya wenzake na kutoka. Charlotte alimkimbilia. Tantine Agathe akazima runinga, na wavuvi wakaondoka bila kuaga.

Waliposalia wawili, Tantine aliuliza tena, "Uliionja?"

Ornella alilia. "Hapana, Tantine. Nilienda ku nzango."

Tantine hakumpiga. Laiti angempiga, pengine isingeuma hivyo. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema, "na ya kwako imeishia ku roho ya muntu. Kesho tutaenda Kalundu."

"Tutasema nini?"

"Minye sitasema kitu. Weye ndiye utasema."

Jumapili, baada ya ibada, walimkuta Papa Charlotte amekaa kizingitini. Charlotte alikuwa ndani, akageuza uso alipomwona rafiki yake. Ornella alisogea mbele ya Tantine.

"Papa Charlotte, nilidanganya. Ile filamu sikuiangalia. Niliona prix ku karatasi, nikasema ni ya kucheka. Na yale maneno ya kuchelewa, niliyatunga. Munisamehe."

Yule baba alitazama chini. Kisha akauliza, "Yule mukubwa... alimushika mudogo wake mukono?"

Ornella angeweza kusema ndiyo. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni. "Sijui, Papa," alisema. "Kweli, sijui."

Kwa mara ya kwanza Papa Charlotte alimtazama usoni. "Batu bote banataka nicheke," alisema. "Banasema, sahau, sahau. Nitasahau namna gani? Hakuna hata mumoja aliniacha nimulilie Aimé." Akapangusa uso. "Uende uiangalie mpaka mwisho. Kisha urudi uniambie kweli. Ninataka kujua yule aliyebaki aliishi namna gani."

Siku hiyohiyo Ornella aliionja filamu, Tantine akiwa kando yake. Alilia mara mbili. Jumatatu, baada ya shule, alirudi Kalundu.

"Papa, hakumushika. Mudogo alipotea. Iko chungu sana," alisema. "Lakini mukubwa alirudi ku maji. Mwishoni anafundisha mutoto wa mudogo wake kupiga kasia. Kama munataka, tutaiangalia. Kama hamutaki, tutaiacha."

"Ninataka," alisema Papa Charlotte. Na Charlotte akatoka ndani, akamshika Ornella mkono.

Mwezi ulikuwa bado mkubwa walipokutana tena Kimanga, wavuvi wale wale. Safari hii Ornella alitafsiri kila neno. Mashua ilipopinduka, hakubadilisha kitu. "Anasema: shika mkono wangu."

Papa Charlotte alilia kwa sauti. Papa Léopold, mwanamume mwenye kifua kama mlango, alilia pia. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Filamu ilipoisha hawakuinuka. Papa Charlotte akaanza kuzungumza juu ya Aimé: jinsi alivyoogopa vyura, mtu mzima mwenye ndevu, jinsi alivyoimba vibaya mpaka kwaya ikamwomba abebe ngoma tu. Wote wakacheka huku machozi yakiwatiririka. Kile kicheko alichokitafuta Papa Léopold kilikuja hapo, tena bila kuvutwa.

Mbalamwezi ilipopita, taa za wavuvi zilirudi ziwani. Asubuhi moja Charlotte na baba yake walifika kwa Tantine Agathe na beseni la ndagala waliokuwa bado wanang'aa.

"Hizi siuzishe," alisema Papa Charlotte. "Ni za kwanza tangu nirudi ku maji. Ni za Ornella. Aksanti, mutoto wangu."

Ornella alishindwa kupokea. "Lakini Papa, minye ndiye niliwaumiza."

"Uliniumiza na uongo, ukaniponya na ukweli. Sikia vizuri. Prix inaonyesha kwamba batu ba mbali balipenda filamu. Haijue roho ya muntu mwenye kukaa mbele yako. Huyo umuulize, na umusikilize. Na kama hujui, sema hujui. Muntu mwenye kusema 'sijui', hata siku akisema 'najua', batu banamuamini."

Tantine Agathe aliitikia kwa kichwa, akalipokea beseni kwa mikono miwili.

Jumamosi iliyofuata, mchana huohuo, ililetwa filamu nyingine mpya, jalada limejaa majani ya tuzo kila pembe. Yule mama wa wifi aliiona mkononi mwa Ornella, akasimama mlangoni.

"Leo roho iko muchovu," alisema. "Hii iko muzuri?"

Benchi zima lilingoja. Nje, wasichana walikuwa wanaimba nzango.

"Sijui, Mama," alijibu Ornella. "Sijaionja bado."