Rangi ya Ukuta

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani, alipokuwa akijifunza kuchora kwa rangi za mafuta. Mwalimu alimwambia aanze na chumba cha nyumbani: ukuta, dirisha, kiti. Kitini aliketi mama mkwe wake, akimbembeleza mjukuu wake ili shoga yangu apate nafasi ya kuchora.

“Mwanangu, umenifanya kinyago!” mama alicheka alipoiona picha. “Lakini ni mimi huyo. Niache hapohapo.”

Mama alipokwenda kumlaza mtoto, shoga yangu aliona haya kumpelekea mwalimu picha ya bibi mwenye gauni la viraka. Akachovya brashi kwenye rangi ya kijivu ya ukuta, akaipaka juu ya bibi huyo pichani mpaka akapotea, kwanza mabega, mwisho uso.

Mara umeme ukakatika. Chumba cha pili, wimbo wa mama ukakoma katikati ya neno. Zikasikika pumzi nzito, kama za mtu aliyezibwa mdomo.

“Mama?”

Akapapasa ukuta hadi mlangoni. Taa ikawaka. Mama aliketi kitandani, mtoto kifuani, akimtazama shoga yangu tu. Uso wote wa mama, midomo hata kope, ulikuwa na rangi mbichi ya kijivu, yenye michirizi ya brashi.